Ngazi Zisizokuwepo

Jua la Nakuru halisubiri upeo wa ardhi. Huingia nyuma ya safu ya Mau mapema, anga ikiwa bado imejaa mwanga, na kwa muda ziwa huangazwa na nuru ambayo chanzo chake hakionekani tena. Aliyesimama ufuo wa mashariki, chini ya Lion Hill, huiona rangi ya chungwa ikiganda juu ya mgongo wa mlima, halafu waridi, halafu rangi fulani ya kijivu, halafu buluu inayozidi kukolea kadiri anavyogeuza shingo kuelekea Bahati. Miezi ya kiangazi vumbi la mashamba hulainisha mambo zaidi. Huwezi kuweka kidole mahali popote na kusema chungwa limeishia hapa.

Anga hiyo ndiyo mtihani wa faili yoyote ya picha. Manyoya ya flamingo, ngozi ya kifaru, gome la mgunga wa manjano, vyote vina vurugu ya kutosha kuficha udhaifu wa hesabu. Anga tulivu haifichi kitu. Picha ikiwa na hitilafu ya namba, itajitokeza pale: mkanda mmoja wa rangi sare, halafu mwingine, halafu mwingine, kati yake kingo zilizopinda kufuata mwanga, kama kwamba mbingu imejengwa kwa ngazi.

Sababu yake ni hesabu ya darasa la nne. JPEG ya kawaida huipa kila moja ya rangi tatu za msingi biti 8, yaani thamani 256, kuanzia 0 hadi 255. Ni nyingi mpaka uzigawe kwa upana wa anga. Tuseme buluu inapanda kutoka 180 hadi 210 tu, kwa kuwa anga ya jioni haina tofauti kubwa, na inapanda hivyo ndani ya pikseli 3,000. Ngazi 30 zinagawana pikseli 3,000, kila moja inapata 100. Pikseli 100 za rangi isiyobadilika hata kidogo, kisha mruko. Na jicho halitusaidii. Ernst Mach alieleza mwaka 1865 jinsi linavyotia chumvi pale nuru mbili zinapokutana: upande angavu wa ukingo huonekana angavu zaidi ya ulivyo, na upande wenye kiza huonekana na kiza zaidi. Mruko wa ngazi moja kati ya 256, ambao kwa haki usingepaswa kuonekana, unachorewa mstari na ubongo wetu wenyewe.

Kamera haina lawama hapa. Nyingi kati ya zile zinazobebwa na wapiga picha wa mbugani huandika faili ghafi zenye biti 14, thamani 16,384 kwa kila pikseli, na kwa wingi huo mteremko wa anga ya Mau unatosha na kubaki. Mikanda huja baadaye, mezani, mwenye picha anapoanza kuigusa. Na huja hasa kupitia kitu ambacho mtazamaji haoni kamwe, yaani maski.

Maski ni picha ya kijivu iliyolazwa juu ya tabaka la marekebisho. Penye nyeupe, rekebisho linafanya kazi lote. Penye nyeusi, haligusi kitu. Penye kijivu, linagusa kwa kiasi cha kijivu hicho. Ukitaka kuitia anga kiza kidogo bila kuwagusa flamingo walio majini, unachora maski inayoanza nyeupe juu na kufifia taratibu mpaka nyeusi karibu na mstari wa maji. Kwa sababu haionekani, watu huichukulia kwa wepesi, kama karatasi ya kufutia brashi. Huilainisha haraka, huivuta, huikaza, huihifadhi kwa kina chochote kilichopo, wakiweka uangalifu wote kwenye picha yenyewe. Mimi naona mambo ni kinyume chake. Maski si picha, ni amri. Picha ikiwa na doa dogo, jicho hulisamehe au hulipita. Amri ikiwa na doa, doa hilo hutekelezwa.

Angalia inavyokwenda. Faili ni ya biti 8, na maski hufuata kina cha faili. Mtu anachora mteremko kwa mkono mwepesi, kijivu chake cha juu kabisa kikiishia 51 badala ya 255, katika anga yenye kimo cha pikseli 4,000. Kila ngazi ya maski inashika takriban pikseli 78. Kwa kuwa rekebisho ni dogo, hakuna anayeona chochote, naye anaridhika. Kesho yake anaamua anga iwe na kiza zaidi. Badala ya kuchora upya, anaivuta maski ileile mpaka 51 iwe 255. Hapo hakuna ngazi mpya iliyozaliwa. Zilezile 51 sasa zinarukana kwa tano tano, na kila mruko unapiga mstari juu ya Mau. Akishtuka na kuigeuza faili kuwa ya biti 16, amehamisha familia ileile katika nyumba yenye vyumba 65,536. Vyumba ni vingi, watu hawakuongezeka.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko programu iliyotumika. Kina huongezwa kabla ya kuchora maski, wala si baada. Faili ikiwa ya biti 16 tangu mwanzo, mteremko uleule wa mkono mwepesi ungekuwa na ngazi zaidi ya 13,000 za kuvutwa, na ukizivuta mara tano bado hakuna jicho la kuzihesabu. Gharama yake ni faili nzito na kompyuta inayohema. Kwa kijana anayefanya kazi kwenye mashine ya mtumba, hiyo si gharama ya kudharauliwa, najua. Lakini ni gharama inayolipwa mara moja, na ile nyingine hulipwa kila picha inapofunguliwa.

Upande wa kiza ni mbaya zaidi, na hili husemwa mara chache. Baadhi ya programu siku hizi huchanganya nuru kwa hesabu ya nuru halisi badala ya ile iliyopindwa ili ilingane na jicho. Ni jambo jema. Mchanganyiko hutoka safi zaidi. Lakini ukijaribu kuihifadhi nuru halisi katika biti 8 tu, vivuli vinakosa pa kukaa. Hatua ya kwanza juu ya weusi kamili, 1 kati ya 255, ikirudishwa katika kipimo cha kawaida cha skrini inatua karibu na 13. Yaani vivuli kumi na viwili vya kwanza, vile vinavyotofautisha msitu wa mgunga na maji yaliyo chini yake baada ya jua kuzama, vimefutwa kwa pigo moja. Mtu akiona mteremko wa ukuta wa bonde umegeuka doa jeusi lenye ukingo, asikimbilie kuilaumu lenzi.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa sababu dawa ipo na ina umri. Katika duka la kuchapa mabango pale mjini, kijana wa mashine aliniangalia kwa huruma akiwa na faili yangu ya anga mbele yake.

“Mkubwa, hii anga itashika mistari ikitoka kubwa. Nikutilie chenga kidogo?”

“Chenga kiasi gani?”

“Kidogo tu. Hutaziona, lakini mistari nayo hutaiona.”

Alikuwa anaeleza, kwa maneno machache kuliko kitabu chochote, kazi ambayo Lawrence Roberts aliichapisha mwaka 1962 alipokuwa MIT, kabla hajawa mmoja wa waliounda mtandao wa ARPANET. Roberts alionyesha kwamba ukichanganya picha na chenga za bahati nasibu kabla ya kuipunguza ngazi, mikanda huvunjika. Hesabu yake ni nyepesi. Thamani halisi ikiwa 180.4 na faili inakubali namba kamili tu, ukikadiria kila pikseli zote zinakuwa 180, na zile sehemu nne za kumi zinapotea moja kwa moja. Lakini ukitikisa kila pikseli kidogo kabla ya kukadiria, takriban nne katika kila kumi zitaangukia 181 na sita zitabaki 180. Hakuna pikseli hata moja iliyo sahihi. Zote pamoja, zikitazamwa kwa mbali, ziko sahihi. Mwaka 1973 Bryce Bayer wa Kodak alipendekeza mpangilio maalumu wa vizingiti badala ya bahati nasibu; mwaka 1976 Robert Floyd na Louis Steinberg wakaja na njia ya kugawa kosa la kila pikseli kwa jirani zake ambao bado hawajafikiwa: sehemu 7 kati ya 16 kwa wa kulia, 3, 5 na 1 kwa watatu wa mstari wa chini. Hizo ndizo njia ambazo bado zimo ndani ya programu tunazotumia.

Filamu ya zamani haikuhitaji ushauri huo. Chembe za fedha zilizotapakaa ndani yake zilikuwa chenga za kuzaliwa. Chukua picha ya flamingo wa Nakuru iliyopigwa na kusafishwa enzi za filamu, ile ambayo ufuo wote ni waridi, uitazame anga yake kwa kioo cha kukuzia. Utaona vurugu tupu, na hiyo vurugu ndiyo iliyoifanya anga ionekane laini. Gazeti nalo limejengwa kwa nukta, wala hakuna msomaji anayelalamika kwamba uso wa waziri una matundu. Ulaini ambao jicho huupenda haukuwahi kuwa usafi wa namba. Mara nyingi ni uchafu uliosambazwa kwa haki.

Kwa hiyo kijana wa mabango alikuwa sahihi. Chenga ni dawa. Swali lililobaki ni inywewe saa ngapi na nani.

Jibu langu ni fupi: inywewe na picha ya mwisho, mara moja, wala maski isionjeshwe. GIMP ni programu ya bure ambayo wanafunzi wengi huanzia, na tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inafanya kazi kwa biti 16 na 32. Ukitaka kupunguza kina cha faili, hufungua kidirisha kinachouliza namna ya kutawanya chenga mara tatu: kwa matabaka ya picha, kwa matabaka ya maandishi, na kwa chaneli na maski. Swali la tatu ndilo ambalo mkono hulipita kwa mazoea, ukijibu kama ulivyojibu la kwanza. Na linastahili jibu lake lenyewe.

Maski iliyotiwa chenga huonekana nzuri siku hiyo. Uovu wake hujitokeza inapoguswa tena. Rudia mfano wa kuvuta mara tano: chenga zilizokuwa na tofauti ya ngazi moja sasa zina tofauti ya tano, na anga inaota vipele. Ukijaribu kuitumia maski hiyohiyo kuchagua eneo kwa kizingiti, kila pikseli iliyo juu ya 128 ndani na iliyo chini nje, mahali palipokuwa na mteremko laini panakuwa mawingu ya nukta zilizotengana, nusu ndani nusu nje, na bawa la flamingo linaonekana limeliwa na mchwa. Kisha mwishoni picha nzima inatiwa chenga zake halali, juu ya zile haramu. Zile za mwanzo zilikuwa zimefichika kwa sababu zilikuwa ndogo; kila hatua ya kuhariri ni kioo cha kukuzia.

Kwa hiyo namna ninayoiamini ni hii. Faili ghafi ifunguliwe kwa biti 16, au 32 kama mashine inaruhusu. Maski zote zizaliwe humo, zilainishwe humo, zizidishwe humo. Penye mabawa na mteremko kwa pamoja, ni heri kuchora maski mbili badala ya moja, kali inayofuata ukingo wa ndege na laini inayofuata anga, kisha kuzizidisha. Mtu anayejaribu kupata yote kwa brashi moja huishia kulainisha manyoya au kukaza mawingu. Marekebisho yakikamilika, nakala mama ihifadhiwe na kina chake chote, kwa TIFF au muundo wa programu yenyewe. Nakala nyingine iunganishwe matabaka yote kuwa moja, na hiyo ndiyo ishushwe hadi biti 8, kwa chenga. Maski haishuki kwa sababu haipo tena; imeshatekelezwa.

Kuna faraja moja kwa aliyerithi maski mbovu. Picha iliyoshika mikanda haiponi kwa kufifishwa, kwa kuwa ukiififisha unafuta pia kope na manyoya. Maski ya mteremko wa anga haina kope. Ipandishe kwanza hadi biti 16, ndipo uififishe kwa upana wa ngazi zake, na hesabu ya kufifisha itazaa thamani za katikati ambazo hazikuwepo. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo kilichopotea kinaweza kubuniwa upya bila mtu kudanganywa, kwa sababu mteremko haukuwa na habari yoyote zaidi ya kuwa mteremko. Ukigeuza mpangilio, ukafifisha kwanza kwenye biti 8, matokeo yote yanakadiriwa tena kwenda kwenye ngazi zilezile, na umepoteza dakika zako.

Na baada ya yote hayo mteja ataituma kwa WhatsApp. Picha inabanwa upya, na mbano mkali wa JPEG huanza kwa kutupa vitu vidogo vidogo, ambavyo ndivyo chenga zenyewe. Mikanda inarudi. Sina dawa ya hilo zaidi ya kumpa mteja nakala mbili na kumwomba aangalie ile nyingine.

Mambo haya yangebaki ya studio na mabango ya harusi kama Nakuru isingekuwa mahali ambapo maski ya kijivu inaweza kufika mpaka kwenye ua wa mtu. Ziwa limepanda. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka, na upepo ulipeperusha magadi meupe kutoka kwenye kitanda chake. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda na hayakushuka yalivyozoeleka. Eneo la maji lilitoka karibu kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilizama pamoja na ofisi, migunga ikafa imesimama ndani ya maji, flamingo wengi wakahamia maziwa mengine, hasa Bogoria, na nje ya uzio, Mwariki na Barut, kulikuwa na familia zilizoamka maji yakiwa mlangoni. Ufuo huu ni tambarare. Mita moja ya kimo, ambayo kwenye ukuta wa kreta ya Menengai si kitu, hapa ni mtaa.

Ramani za kupanda kwa maji hutengenezwa kwa picha za setilaiti, na kiini cha ramani hizo ni maski: maji nyeupe, nchi kavu nyeusi. Pikseli ya setilaiti za Landsat ina mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Ploti ya hamsini kwa mia, kipimo ambacho kila mtu Nakuru anakijua bila kuambiwa ni futi, ina mita za mraba 465 hivi. Pikseli moja basi ni karibu ploti mbili. Ufuoni, pikseli nyingi si maji wala si nchi kavu; ni tope, ni nyasi zilizosimama majini, ni nusu ya hiki na nusu ya kile, na maski ya uaminifu huziandika kwa kijivu: asilimia 40 maji, asilimia 70 maji.

Chukua sasa maski hiyo uishushe kwa chenga mpaka ibaki na rangi mbili. Jumla ya eneo la ziwa itatoka vizuri. Ndivyo chenga zinavyofanya kazi, wastani hauguswi. Kwa mbali ufuo utaonekana ukififia kwa uzuri. Lakini pikseli ya asilimia 40 imelazimishwa kuwa maji matupu au nchi kavu tupu, na ipi iwe ipi imeamuliwa na bahati nasibu au na kosa lililosukumwa kutoka kwa jirani. Wastani ni sahihi, ila mwenye ploti hajengi juu ya wastani. Katika picha ya bango, kila pikseli kuwa na uongo mdogo ili zote pamoja ziseme kweli ni mapatano mazuri, kwa sababu hakuna anayeishi ndani ya pikseli. Hapa wapo wanaoishi.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka, na nimeshauona ukisimama imara kuliko sheria zote za programu. Kinachokwenda kwa jicho kitiwe chenga. Kinachokwenda kwenye hesabu nyingine, au kwenye uamuzi, kibaki na kina chake chote, na kama lazima kishushwe, kishushwe kwa kukadiria kavu, mikanda ionekane. Mkanda una faida moja ambayo chenga hazina: unajitangaza. Mtu akiuona anajua habari imeishia hapo.

Lakini Bonde la Ufa, ambamo ziwa hili limo, halikubali hata hilo kirahisi. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11, na data zake, zilizoandikwa kwa mita kamili, ndizo msingi wa ramani nyingi za miinuko tunazoziona. Mwaka 2014 zile za mita 30 zilipofunguliwa kwa umma, Afrika ilitangulia. Kimo kwa mita kamili kinahitaji zaidi ya biti 8, na faili za asili hukiweka katika biti 16. Sasa mchoraji anayetaka usuli mzuri wa ramani ya Kenya huzibana ziwe picha ya kijivu ya kawaida: pwani 0, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, kiwe 255. Kila ngazi inakuwa na mita 20 na ushei. Ziwa Nakuru lote, ufuo wake wa zamani na ufuo wake mpya, lango lililozama na mtaa uliookoka, vyote vinaweza kuangukia kijivu kimoja. Mafuriko yote ya tangu 2010 hayana hata ngazi moja ya kusimamia.

Akiitia kivuli cha jua ramani hiyo ili milima itokeze, kila mruko wa ngazi unakuwa ukuta mdogo. Ardhi nzima inakuwa na matabaka. Mahali pengine duniani mtu angecheka na kujua ni kasoro ya faili. Hapa atasita, kwa sababu Bonde la Ufa kweli limejengwa kwa ngazi. John Walter Gregory, aliyepita huku mwaka 1893 na kuandika kitabu kilicholipa bonde jina lake ulimwenguni, alieleza sakafu iliyodidimia kati ya mapasuko yanayokwenda sambamba. Kutoka Bahati kushuka mpaka ziwani, kutoka ziwani kupanda Mau, ardhi inakwenda kwa hatua. Mapasuko mengine ni madogo, na mvua ikizidi nyufa hufunguka katika mitaa ya magharibi ya mji. Ngazi za uongo zikiwekwa juu ya ngazi za kweli, nani atazitenganisha kwa macho? Chenga zingeziondoa zile za uongo, na pamoja nazo zingefuta mapasuko ya kweli yenye kimo cha mita chache, kisha zikaacha mashimo na vichuguu vya mita 20 kila mahali. Ni data tu yenye kina chake cha asili, iliyolainishwa kwa hesabu ya namba zenye desimali kabla ya kutiwa kivuli, inayoweza kusema huu ni ufa na hii ni faili.

Kuna kina ambacho hakuna awezaye kukirudisha. Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984 na ikafanya kazi hadi 2013, na kamera yake iliandika kwa biti 8. Kwa kutenganisha maji wazi na ardhi kavu, biti 8 zilitosha kabisa, kwani tofauti ni kubwa. Ugumu ni ndani ya maji yenyewe. Maji ni meusi machoni mwa setilaiti. Hurudisha nuru kidogo, na hivyo hujibanza katika thamani chache za chini kati ya zile 256. Humo ndimo inapopaswa kusomwa rangi ya kijani ya spirulina, chakula cha flamingo wadogo, ambayo hueleza kwa nini wapo au kwa nini wameondoka. Upande wa pili, nyuso nyeupe mno kama theluji na chumvi zingeweza kufika 255 na kukwama. Ziwa la magadi linalojaa na kukauka linagusa ncha zote mbili za kipimo hicho. Landsat 8, ya mwaka 2013, inaandika kwa biti 12. Landsat 9, ya 2021, kwa biti 14.

Anayetaka kueleza maisha ya ziwa hili tangu miaka ya 1980 lazima aziweke data hizo mezani pamoja. Kishawishi ni kuzishusha mpya zifanane na kuukuu, au kuzipandisha kuukuu, kuzitia chenga ili zisionekane maskini, na kuchora ufuo wa miaka arobaini kwa kalamu ya unene mmoja. Mimi ningeziacha kila moja na kina chake, nizigeuze zote kuwa nuru iliyorudishwa kwa namba zenye desimali, na mstari wa kila mwaka niuchore kwa unene wa mashaka yake. Ufuo wa 2021 ungetoka mwembamba, na wa 1986, hasa penye tope na nyasi, ungetoka mnene kiasi cha kufunika safu nzima ya ploti, na mtu anayetaka kununua Mwariki angekuwa na haki ya kuniuliza ni kwa nini.